Fildi ya uhandisi mitambo: mwongozo kamili, kuanzia barua ya maombi hadi ripoti

Kila mwaka ikifika Septemba, fildi (mafunzo kwa vitendo) inapoisha, malalamiko ni yale yale. Logibuku, daftari la kazi za kila siku, imerudishwa. Ripoti imekataliwa. Msimamizi wa chuo kaja kukagua, kamkuta mwanafunzi stoo anahesabu nati. Wengi wa wanafunzi hawa si wavivu hata kidogo. Waliingia kiwandani bila kujua wanatafuta nini, na wiki zote zikaisha wakishika tochi na kumpa fundi spana.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa uhandisi mitambo anayesoma Tanzania, awe UDSM, DIT, MUST au Chuo cha Ufundi Arusha. Msomaji wa Kenya, anayeijua fildi kwa jina la atachimenti, naye atapata mengi ya kumfaa, ila ahakikishe ana bima ya ajali kabla ya kuomba, maana kampuni nyingi za kwao huidai.

Shabaha ni moja: utoke ukiwa na mashine moja unayoijua kiasi cha kuichora, kuipigia hesabu na kueleza kwa nini huharibika. Ukiwa na mashine hiyo, logibuku na ripoti hujiandika zenyewe. Ukiikosa, utabaki kunakili historia ya kampuni kutoka kwenye tovuti yake.

## Mahitaji

Karatasi

- Barua ya utambulisho kutoka chuoni, nakala za kutosha na skani moja safi kwenye simu.
- CV ya ukurasa mmoja. Ya kurasa nne haisomwi.
- Matokeo ya mihula iliyopita, kitambulisho cha chuo na namba ya NIDA.
- Kadi ya bima ya afya iliyo hai.
- Logibuku ya chuo.

Mavazi

- Ovaroli ya pamba. Usinunue ya nailoni, kwa sababu cheche ikidondoka nailoni huyeyuka na kugandia kwenye ngozi.
- Buti zenye chuma puani. Helmeti, miwani na vizibo vya masikio viwanda vingi hutoa, lakini uliza kabla ya siku ya kwanza.

Zana ndogo

- Daftari gumu la kutosha mfukoni, penseli na kifutio.
- Rula ya chuma ya sentimita 15, futi ya mita 5, tochi ndogo na kikokotoo.
- Vernia (kifaa cha kupimia vipenyo na unene), kama unaweza kuinunua au kuazima.

Penseli ina sababu yake. Viwanda vingi haviruhusu kupiga picha ndani, na mwanafunzi aliyetegemea kamera ya simu huondoka mikono mitupu.

Pesa

Piga hesabu ya nauli, chumba na chakula kwa muda wote. Mwenye mkopo wenye kipengele cha mafunzo kwa vitendo hulipwa na Bodi ya Mikopo kwa siku zisizozidi 56, yaani wiki 8. Usipange maisha kana kwamba fedha hiyo itakuwa mfukoni siku ya kwanza. Kuwa na akiba ya wiki mbili. Kampuni nyingi hazimlipi mwanafunzi, na inayotoa chakula cha mchana imekusaidia sana.

## Hatua ya 1: Jua awamu yako inadai nini

Kwa kawaida awamu ya kwanza, yaani fildi ya mwaka wa kwanza, ni ya kazi za mikono: kupiga tupa, kuchomelea, kukereza, kufungua na kufunga. Ya pili inakuweka ngazi ya fundi sanifu, ambapo unapima, unatafuta hitilafu na kufuata ratiba ya matengenezo. Ya tatu inakutaka ufikiri kama mhandisi, kwa hesabu, gharama na mapendekezo.

Soma maelekezo ya chuo chako kabla ya kuandika barua yoyote. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyepelekwa ofisi ya mipango atakaa wiki zote akiangalia kompyuta, na wa mwaka wa tatu aliyepangiwa karakana ya kuchomelea atapata taabu kuandika ripoti yenye hesabu.

*Umefaulu ukiweza* kumwambia mtu kwa sentensi mbili unachotakiwa kujifunza awamu hii.

## Hatua ya 2: Chagua mahali kwa mashine, usichague kwa jina

Hapa ndipo wengi huanguka. Darasa zima linapeleka barua TANESCO, bandarini na migodi ya Geita. Ni sehemu nzuri. Kidatu pekee kuna mitambo minne ya kufua umeme yenye jumla ya megawati 204, na Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja. Lakini nafasi ni chache, waombaji ni nchi nzima, na kwenye mtambo mkubwa mwanafunzi hutazama kuliko kugusa.

Jiulize kwanza: nataka kuijua mashine gani? Kisha tafuta inapokaa.

- Pampu: mamlaka za maji. Mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, kwa mfano, inategemea pampu kubwa usiku na mchana.
- Boila, mvuke na vikaushio: viwanda vya sukari kama TPC Moshi, Kilombero, Mtibwa na Kagera, na viwanda vya chai vya Mufindi na Rungwe.
- Konveya, vinu na giaboksi kubwa: viwanda vya saruji, kuanzia Wazo Hill na Tanga hadi Mtwara na Mbeya.
- Injini na magari: karakana za TEMESA, wakala wa serikali wa ufundi na umeme, zilizoko mikoani.
- Reli: karakana za TAZARA na za Shirika la Reli.
- Kubuni na kutengeneza mashine ndogo: TEMDO na CAMARTEC, zote Arusha, na SIDO karibu kila mkoa.
- Mashine za mazao: korona (mashine za kuchakata majani) za mkonge Tanga, vinu vya kuchambua pamba Shinyanga na Simiyu, mitambo ya kukamua alizeti Singida.

Karakana ndogo ya kuchonga vipuri mtaani kwenu usiidharau. Ukikaa na mkereza mzoefu wiki 8, utajua uvumilivu wa vipimo (kiasi ambacho kipimo kinaruhusiwa kupishana) kuliko mwenzako aliyekaa mgodini akisubiri kibali cha kuingia.

Angalia kalenda. Likizo ya fildi mara nyingi huangukia Julai hadi Septemba. Viwanda vya sukari husimama wakati wa masika kwa matengenezo makubwa na huanza kusaga miwa mvua zikikatika. Maana yake, ukienda Agosti utakuta mitambo inakimbia: utajifunza uendeshaji na hitilafu za ghafla, lakini rola na tabaini hutazikuta zimefunguliwa. Kama unataka kuona mashine matumbo nje, mpigie simu mhandisi wa matengenezo umuulize, "Mtasimamisha mtambo lini?" Swali hilo moja humwonyesha kwamba unajua unachotafuta.

*Umefaulu ukiwa* na orodha ya sehemu nane hivi, na kila moja umeandika pembeni mashine unayoifuata.

## Hatua ya 3: Omba mapema, kwa barua inayosema kitu

Fildi ya Julai huombwa Januari au Februari. Kufikia Mei nafasi nyingi zimejaa, na anayepeleka barua Juni hupokelewa kwa huruma tu, au hapokelewi.

Barua ya "naomba nafasi yoyote katika kampuni yako tukufu" hutupwa pamoja na nyingine mia zinazofanana nayo. Andika hivi:

> YAH: MAOMBI YA MAFUNZO KWA VITENDO, IDARA YA MATENGENEZO
>
> Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa uhandisi mitambo. Ninaomba nafasi ya wiki 8 kuanzia katikati ya Julai. Nimesoma mitambo ya vimiminika na michoro ya kihandisi, na ninaweza kutumia vernia, mikromita na AutoCAD. Ningependa kupangiwa sehemu ya pampu au vigandamiza hewa. Nina bima ya afya, ovaroli na buti zangu. Nimeambatanisha barua ya chuo na matokeo yangu.

Imetosha. Ofisi za serikali huandikiwa Kiswahili bila shida. Kampuni binafsi nyingi hutaka Kiingereza, basi waandikie kwa lugha wanayoitaka, yaliyomo yawe yale yale.

Peleka mwenyewe kama unaweza, na uhakikishe nakala yako imegongwa muhuri wa mapokezi. Baada ya wiki mbili, fuatilia. Uliza jina na cheo cha anayeshughulikia, kisha mpigie asubuhi kabla ya saa nne.

Tahadhari: mtu akikudai pesa ili "akutengenezee nafasi", achana naye. Nafasi ya fildi haiuzwi, na anayeiuza kwa kawaida hana uwezo wa kuitoa.

*Umefaulu ukipata* barua ya kukubaliwa yenye tarehe na jina la idara. Ahadi ya mdomo usiihesabu.

## Hatua ya 4: Jiandae wiki moja kabla

Fungua madaftari ya darasani uyasome upya ukiwa na mashine yako akilini. Anayekwenda kwenye pampu arudie mlinganyo wa Bernoulli, grafu za pampu na sababu za maji kuchemka ndani ya impela (gurudumu la pampu linalosukuma maji) kwa mgandamizo mdogo. Anayekwenda kwenye boila asome majedwali ya mvuke.

Jifunze pia saizi za kawaida. Boliti ya M8 huchukua spana 13. M10 mara nyingi ni 17, na M12 ni 19, ingawa boliti za viwango vipya huja na 16 na 18. Jambo dogo, lakini fundi akisema "nipe kumi na saba" nawe ukampa bila kupekua kisanduku kizima, siku hiyo hiyo ameanza kukufundisha.

## Hatua ya 5: Wiki ya kwanza ni ya usalama na watu

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri akulinde, lakini sheria haishiki mkono wako usiingie kwenye mkanda. Haya hayana mjadala:

1. Usiguse mashine iliyosimama mpaka ujue nani ameisimamisha na kwa njia gani. Mashine iliyozimwa kwa kitufe inaweza kuwashwa na mtu aliye chumba kingine. Swichi kuu ifungwe kwa kufuli, lebo iwekwe, na kama unaingiza mkono ndani, kufuli yako iwepo na ufunguo uwe mfukoni mwako.
2. Glavu zivuliwe kwenye kerezo na drili. Watu hudhani glavu hulinda kila mahali. Kwenye kitu kinachozunguka, glavu hunaswa na kuuvuta mkono mzima.
3. Pete, cheni, kamba ya kitambulisho na nywele ndefu ziondolewe au zifungwe.
4. Hewa ya kompresa si ya kujipangusa vumbi. Inaweza kupenya kwenye ngozi na kuumiza macho.
5. Kazi ya juu, ndani ya tangi, au ya moto inahitaji kibali cha kazi kilichosainiwa. Uliza kiko wapi. Ukiambiwa "ingia tu, ni dakika mbili", kataa kwa adabu na umwite msimamizi.

Upande wa watu, anza na shikamoo, maswali yafuate. Fundi mwenye miaka 25 kazini anaweza kuwa hajakanyaga chuo kikuu, na anajua kwa sikio beringi itakayokufa wiki ijayo. Mwite Mzee au Fundi kama wenzake wanavyomwita. Usimsahihishe mbele ya watu. Chai ya saa nne ndiyo darasa lenyewe: kaa naye, umuulize mashine gani inamsumbua zaidi.

Fagia karakana ukiambiwa, osha vipuri kwa dizeli, beba grisi. Ila ikifika wiki ya pili bado unafagia tu, mwendee msimamizi na ombi lenye jina: "Naomba kuwa na timu ya pampu kuanzia Jumatatu." Malalamiko ya jumla hayapati jibu.

Kwa dada zetu. Uliza mapema kama kuna chumba cha kubadilishia nguo. Baadhi ya karakana hazina, na ni haki yako kutengewa mahali. Ovaroli iwe ya kipimo chako, kwa sababu mikono inayoning'inia ni hatari. Na mtu akitaka "urafiki" ili asaini logibuku yako, andika tarehe, saa na maneno aliyosema, kisha umpigie mratibu wa fildi chuoni siku hiyo hiyo. Chuo kinaweza kukuhamisha kituo. Usisubiri wiki ya nane.

*Umefaulu ukifika* Ijumaa unajua njia ya dharura, majina ya mafundi wa zamu na swichi kuu ilipo.

## Hatua ya 6: Chagua mashine yako moja

Wiki ya pili, fanya uamuzi. Mashine nzuri ya mwanafunzi ina sifa tatu: inaharibika mara kwa mara, unaruhusiwa kuisogelea, na ni ndogo kiasi cha kuichora yote kwenye karatasi moja. Tabaini ya kiwanda ina heshima zake, lakini pampu ya maji ya kupoozea inayolia kila siku ndiyo itakayokupa ripoti.

Kisha:

- Nakili kibao chake chote: aina, namba, kasi, nguvu, mwaka.
- Ichore kwa mkono, ukiweka vipimo ulivyopima mwenyewe.
- Omba kuona kadi yake ya matengenezo. Hesabu imefunguliwa mara ngapi, na kwa sababu gani.
- Fuatilia inapoanzia na inapoishia: umeme unatoka wapi, maji yanakwenda wapi, ikisimama nini kingine kinasimama.

Swali la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Jibu lake ndilo linalomwambia mwenye kiwanda gharama ya hitilafu.

*Umefaulu ukiweza* kuieleza mashine hiyo kwa dakika tano bila kuangalia daftari.

## Hatua ya 7: Jaza logibuku siku hiyo hiyo

Logibuku iliyojazwa wiki ya mwisho hujulikana. Wino mmoja, mwandiko mmoja wa haraka, na kila siku "tulifanya matengenezo ya pampu". Msimamizi aliyesoma mamia hahitaji hata kufika ukurasa wa tatu.

Hii ndiyo inayorudishwa:

> *Jumanne: Leo tulibadilisha beringi ya pampu. Nilijifunza mengi.*

Na hii ndiyo inayosainiwa:

> *Jumanne: Pampu ya maji ya kupoozea Na. 2. Dalili: mtetemo na joto upande wa kaplingi. Umeme ulifungwa kwa kufuli, vali za kuingiza na kutoa zikafungwa. Beringi iliyotoka: 6308, tundu mm 40, kipenyo cha nje mm 90, upana mm 23. Alama ya mipira kwenye ringi ya nje imekwenda mshazari, haikufuata ukingo. Maelezo ya fundi: shafti na nyumba ya beringi hazikukaa sawa. Beringi mpya ilipashwa kwa hita hadi nyuzi 100 hivi, ikaingia bila kupigwa nyundo. Swali: kadi inaonyesha beringi hii imebadilishwa mara mbili mwaka huu; je, tatizo ni beringi au ni ulinganifu?*

Tofauti iko kwenye vipimo, sababu na swali. Vipimo vyenyewe havikuhitaji maabara. Kwenye beringi za namna hii, kuanzia zinazoishia 04, chukua tarakimu mbili za mwisho uzidishe kwa 5 upate tundu: 08 ni milimita 40. Kupasha moto kunafanya ringi ya ndani itanuke iingie kwenye shafti kwa ulaini. Ukipiga nyundo ringi ya nje, nguvu inapita kwenye mipira na unaiua beringi kabla haijaanza kazi. Ukizidisha joto mpaka kupita nyuzi 120 hivi, unaharibu chuma chake. Sentensi kama hizo ndizo zinazoonyesha umeelewa.

Utaratibu unaofaa: daftari la mfukoni mchana, logibuku jioni kabla ya kula, mchoro mmoja kila siku mbili, saini ya msimamizi kila Ijumaa. Msimamizi akisafiri, tafuta aliyekaimu. Saini nane za siku moja humfanya mkaguzi akuulize maswali ambayo huna majibu yake.

## Hatua ya 8: Toka kwenye "tulifungua" uende kwenye hesabu

Hapa ndipo mwanafunzi wa chuo kikuu anapotofautiana na kibarua. Mfano kamili, wa pampu ile ile.

Kibao kinasema: mita za ujazo 50 kwa saa, kimo (urefu ambao pampu inaweza kuinua maji) mita 30, mota kilowati 7.5.

Ulichopima:

- Pampu imejaza tangi la lita 10,000 kwa dakika 15. Hiyo ni mita za ujazo 40 kwa saa.
- Geji ya upande wa kutoa inasoma bar 2.1. Kila bar 1 ni kama mita 10.2 za maji, kwa hiyo kimo ni mita 21.4. Hapa tumechukulia maji ya kuingia yako usawa wa pampu, na upotevu wa upande huo ni mdogo. Dhana kama hiyo lazima iandikwe.
- Fundi umeme amepima ampea 11 kwa volti 400, fezi tatu. Kipengele cha nguvu (power factor) kimechukuliwa 0.85.

Hesabu:

1. Nguvu inayopokelewa na maji: 1000 × 9.81 × (40 ÷ 3600) × 21.4 = kama wati 2,330.
2. Umeme unaoingia kwenye mota: 1.732 × 400 × 11 × 0.85 = kama wati 6,480.
3. Mota ikiwa na ufanisi wa 0.87, shafti inapokea kama wati 5,640.
4. Ufanisi wa pampu: 2,330 ÷ 5,640 = asilimia 41.

Sasa una jambo la kusema. Pampu inatoa maji machache *na* mgandamizo mdogo kwa wakati mmoja. Kwa pampu isiyo na hitilafu, mgandamizo ukishuka, maji huongezeka. Vyote viwili vikishuka, shuku impela iliyolika, ringi za kuzuia maji kurudi zilizochakaa, au hewa inayoingia upande wa kuvuta.

Endelea kidogo. Kama ufanisi ungekuwa asilimia 65, kazi hiyo hiyo ingehitaji umeme wa kama wati 4,120. Zinazopotea ni kama kilowati 2.36. Pampu ikifanya kazi saa 20 kwa siku, ni kama uniti 47 kila siku, kama 17,000 kwa mwaka. Zidisha na bei ya uniti iliyo kwenye bili ya kiwanda, linganisha na bei ya impela mpya. Ukurasa huo mmoja, mhandisi wa kiwanda atausoma hadi mwisho.

Tahadhari: kipimo cha ampea kichukuliwe na fundi umeme, wewe uandike. Na usibadilishe tarakimu ili jibu lipendeze. Ufanisi ukitoka asilimia 110, umekosea kipimo au geji ni mbovu. Kueleza ni kipi kati ya hivyo viwili nayo ni kazi ya kihandisi.

*Umefaulu ukipata* jibu ambalo fundi anaweza kulithibitisha kwa kufungua mashine.

## Hatua ya 9: Siku ya ukaguzi

Msimamizi wa chuo anaweza kuja bila taarifa. Logibuku iwe karibu kila siku, usiiache gesti. Akifika, mpeleke kwenye mashine yako moja kwa moja, umwonyeshe mchoro, umwambie hitilafu na hesabu uliyoanza. Usimzungushe kiwanda kizima ukimtajia majina ya idara. Akiuliza usichokijua, sema hujui na utamuuliza nani.

## Hatua ya 10: Andika ripoti kuanzia katikati

Wanafunzi huanza na utangulizi, wanachoka, na sehemu ya kihandisi inabaki kurasa mbili. Geuza mpangilio:

1. Anza kuandika mashine yako: mchoro, inavyofanya kazi, hitilafu, vipimo, hesabu, pendekezo. Hii iwe zaidi ya nusu ya ripoti.
2. Fuatisha kazi nyingine ulizoshiriki, kwa ufupi.
3. Kisha usalama: ulichokiona kinafanywa vizuri na kisichofanywa, kwa lugha ya staha.
4. Kampuni iwe ukurasa mmoja. Historia yake, dira na dhamira vipo kwenye tovuti, na mkaguzi ameshavisoma kwa wanafunzi sita kabla yako.
5. Utangulizi na muhtasari viandikwe mwisho.

Pendekezo liwe na kipimo. "Kampuni iongeze vifaa" halina faida kwa mtu. "Shafti ya pampu Na. 2 na mota zilinganishwe kwa geji ya saa (dial gauge) kila beringi inapobadilishwa, na kipimo kiandikwe kwenye kadi" linaweza kutekelezwa kesho.

Mpe mhandisi wa kiwanda rasimu kabla hujaipeleka chuoni. Atakusahihisha, na atakuambia michoro au takwimu gani ni siri ya kampuni. Ripoti ya mwaka jana ya rafiki yako usiiguse: kituo ni kile kile, msimamizi ni yule yule, na kumbukumbu anazo.

*Umefaulu ikiwa* mtu ambaye hajawahi kufika kiwandani anaweza, kwa ripoti yako, kujua mashine ilikuwa na tatizo gani na lirekebishwe vipi.

## Hatua ya 11: Kabla ya kutoka getini

Rudisha vifaa vyote vya stoo na uchukue uthibitisho. Hakikisha kila ukurasa wa logibuku una saini na muhuri, maana kurudi Mtwara kwa ajili ya muhuri mmoja ni nauli ya bure. Omba barua ya kumaliza inayotaja idara na kazi ulizofanya. Barua inayosema tu "alikuwa hapa" haitakusaidia kwenye ajira. Waage mafundi mmoja mmoja, uchukue namba zao.

Skani logibuku yote kabla ya kuikabidhi chuoni, kwa kuwa wengi hawaioni tena. Ukihitimu utajisajili Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama mhandisi mhitimu, na ukiingia kwenye SEAP, mpango wake wa mafunzo kazini kwa wahandisi wahitimu, wa miaka 3, utaendelea kuandika kazi zako chini ya saini ya mhandisi msimamizi kwa mtindo huu huu: kipimo, sababu, uamuzi.